Video isiyofunguka ni ushuhuda unaopotea

Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, Uvira ama Kindu, karibu kila mwenye simu amekwisha kukutana na jambo hili. Video imefika, jina lake linaonekana, uzito wake unaonekana, lakini simu inajibu kwamba haiwezi kuifungua. Ama sauti inatoka na picha inabaki nyeusi. Ama picha inatembea vizuri, watu wanafungua midomo, na hakuna anayesikika. Wengi wanasema imeharibika, wanaifuta. Wengine wanaipeleka kwa fundi, wanalipa faranga, kisha wanarudi na video hafifu kuliko ile waliyopeleka.

Mara nyingi video hiyo haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa nzima, ila simu iliyoipokea haikujua kuisoma. Tofauti kati ya video iliyokufa na video isiyosomeka ni ndogo kwa macho, lakini matokeo yake ni makubwa. Ya kwanza imepotea. Ya pili inangoja tu msomaji anayeifahamu, na anayeifuta anaitupa kwa mkono wake mwenyewe.

Kama ingekuwa habari ya filamu na muziki peke yake, mafundi wangetosha. Lakini Mashariki mwa Kongo video imekuwa daftari ya wakaaji. Ndani yake muna harusi na matanga, mashamba na mipaka yake, nyumba kabla ya kuchomwa, barabara kabla ya kukatika, na maovu ambayo siku moja yatahitaji kuonyeshwa mbele ya majaji. Kujua namna video inavyohifadhiwa na namna inavyopotea si tena elimu ya wataalamu wa kompyuta. Ni elimu ya raia.

Bahasha na lugha ya barua

Jina la faili linaishia kwa herufi chache: MP4, MKV, AVI, MOV, 3GP. Watu wengi wanaamini kwamba herufi hizo zinaeleza video imeandikwa namna gani. Sivyo. Zinataja bahasha tu. Ndani ya bahasha hiyo muna picha, muna sauti, wakati mwingine muna maandishi ya tafsiri, pamoja na orodha inayoonyesha kila kipande kinapatikana wapi.

Picha na sauti, kila moja imeandikwa kwa lugha yake. Lugha hiyo ndiyo inaitwa kodeki. Ni kanuni yenye kazi mbili: kubana picha ama sauti wakati wa kurekodi, na kuifungua tena wakati wa kutazama.

Barua iliyoandikwa kwa Tshiluba inaweza kufika Butembo ndani ya bahasha nzuri, yenye anwani sahihi na tembo safi. Mpokeaji ataifungua bila shida. Kuisoma ndiko kutamshinda. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema barua imeharibika. Atatafuta jirani anayejua Tshiluba. Na mtu akifuta anwani kwenye bahasha na kuandika nyingine, barua iliyo ndani haigeuki kuwa ya Kiswahili. Kwa sababu hiyo, kubadilisha jina la faili kutoka MKV kuwa MP4, jambo ambalo vijana wengi wanajaribu, hakutafsiri chochote.

Bahasha hizi zina historia yake. Apple ilileta MOV mwaka 1991. Microsoft ikafuata na AVI mwaka 1992. Mwaka 2002 wataalamu wa kujitolea walianzisha Matroska, yaani MKV, jina lililotokana na wale wanasesere wa Urusi wanaowekwa mmoja ndani ya mwingine. MP4, ambayo ilijengwa juu ya msingi wa MOV, ilipitishwa kama kanuni ya kimataifa mwaka 2003. Na 3GP ilitengenezwa kwa ajili ya simu ndogo za wakati ule, zile ambazo wengi walizitumia kurekodi video zao za kwanza.

Lugha pia ni nyingi. DVD za harusi zilizojaa kwenye kabati za familia zinatumia MPEG-2. H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, ndiyo inayofahamika kuliko zote hadi leo. Karibu kila simu na kila kompyuta inaisoma. H.265 ilikuja mwaka 2013. AV1, iliyotolewa mwaka 2018 na muungano wa makampuni makubwa ya mtandao, haidai malipo ya haki kwa anayeitumia. Kwa upande wa sauti kuna MP3, AAC, AMR ya simu za zamani, AC-3 na DTS za filamu.

Hapo ndipo fumbo linapofunguka. Faili mbili zote zinaweza kuitwa MP4, moja ikafunguka na nyingine ikakataa, kwa sababu ya kwanza imeandikwa kwa H.264 na ya pili kwa H.265. Filamu inaweza kuonyesha picha bila sauti kwenye televisheni, kwa sababu televisheni inajua lugha ya picha lakini haijui DTS ya sauti. Na video iliyorekodiwa kwa simu mpya inaweza kugoma kwenye kompyuta ya ofisi, hali kwenye simu yenyewe inacheza bila kikwazo.

Kwa nini video inabanwa

Kuna wanaouliza kwa nini wataalamu wasiache picha zilivyo, bila lugha hizi zote. Jibu liko kwenye hesabu. Picha moja ya video ya 1080p ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Kila nukta ikichukua baiti 3 za rangi, picha moja inakuwa na uzito wa mega 6 na zaidi. Video ikipitisha picha 25 kwa sekunde, ni mega 155 kwa sekunde moja. Dakika moja inapita giga 9. Hakuna kadi ya kumbukumbu inayouzwa sokoni Kadutu wala Virunga ambayo ingebeba harusi ya saa tatu kwa namna hiyo, na hakuna kifurushi cha mtandao ambacho kingeituma.

Kodeki inapunguza uzito huo kwa kutosema jambo moja mara mbili. Mtumbwi ukivuka mbele ya kamera kwenye ziwa Kivu, milima ya nyuma haisogei, mbingu haibadiliki, na maji mengi yanafanana. Kodeki inahifadhi picha moja nzima, kisha kwa picha zinazofuata inaandika tu kilichobadilika: mtumbwi umesogea kidogo kuelekea kulia, kasia imeinuka. Baada ya muda inaweka tena picha nzima, na kuendelea. Vilevile inaacha vitu vidogo ambavyo jicho la mtu halivioni kwa urahisi. Kwa njia hiyo, ile dakika ya giga 9 inaweza kuwa na mega 60 hivi kwa H.264, na bado ikaonekana safi.

H.265 inaweza kushusha uzito huo karibu nusu kwa ubora uleule. Ndiyo sababu simu mpya zinaipenda. Tangu mwaka 2017, iPhone 7 na zilizofuata zinaweza kurekodi kwa H.265, na simu nyingi za Android nazo zina uwezo huo. Kwa mtu anayenunua mega kwa pesa ya mboga, nusu ya uzito ni faida kubwa.

Lakini faida hiyo ina gharama mahali pengine. Kadiri video inavyobanwa kwa ustadi, ndivyo chombo kinachoisoma kinavyohitaji nguvu. Simu iliyo na kifaa cha ndani kwa ajili ya kodeki hiyo inaisoma bila kuchoka. Simu isiyo nacho inalazimisha akili yake kuu kufanya kazi yote: picha zinarukaruka, simu inapata moto, betri inakwisha. Katika mitaa ambako umeme unakuja saa chache kwa siku, ama ambako watu wanalipa kuchaji simu kwenye kioski, hiyo si hasara ndogo.

Mahali video zinapofia

Video chache zinakufa kwa sababu ya fomati yenyewe. Nyingi zinakufa kwa sababu ya namna watu wanavyozishika.

Kifo cha kwanza ni cha ghafla. Simu nyingi, zikirekodi MP4, zinaandika ile orodha ya vipande mwishoni, wakati mtu anapobonyeza kusimamisha. Betri ikikatika kabla, ama simu ikianguka na kuzimika, picha na sauti zipo ndani ya kadi lakini orodha haipo. Faili ina uzito, na haifunguki. Wengi wanaifuta palepale. Ni kosa. Fundi mwenye programu za kurekebisha anaweza mara nyingi kuijenga upya orodha hiyo, akipewa pia video nyingine nzima iliyorekodiwa na simu ileile, kwa mpangilio uleule. Anayefuta faili anaondoa nafasi hiyo.

Kifo cha pili kinatokea kwenye flashi. Mtu anachomoa flashi kabla kopi haijamalizika, na anakwenda na nusu ya video. Ama anajaribu kuingiza video ya giga 5 kwenye flashi ya giga 32 iliyo tupu, na kompyuta inakataa. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia giga 4, hata kama nafasi ni tele. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT baada ya kutoa vyote vilivyomo, ama kuikata video vipande. Tena kuna televisheni na redio za zamani zisizosoma exFAT, kwa hiyo ni vema kujaribu kwanza.

Kifo cha tatu ni cha polepole, na ndicho kinachoharibu zaidi. Video inatumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida, na WhatsApp inaibana upya ili iwe nyepesi. Anayeipokea anaituma kwingine kwa programu nyingine inayoibana tena, mtu wa tatu anairekodi kutoka kwenye kioo cha simu, wa nne anaweka maandishi juu yake na kuipakia kwenye mtandao. Kila mara video inapobanwa upya, kitu kinapotea na hakirudi. Ni kama kutoa kopi ya karte ya uchaguzi, kisha kopi ya ile kopi, kisha kopi nyingine tena: mwishoni jina linasomeka kwa shida na sura imekuwa doa jeusi. Tena WhatsApp inaondoa maelezo ambayo simu iliandika ndani ya faili, kama saa ya kurekodi na, kwa simu zilizoruhusiwa, mahali pa kurekodi.

Kifo cha nne kinaletwa na wadanganyifu. Mtu anayekuta video haifunguki anatafuta msaada kwenye mtandao, na anakutana na ukurasa unaomwambia apakue kifurushi cha kodeki haraka. Njia hiyo imetumiwa kwa miaka mingi kuingiza virusi kwenye kompyuta. Kwa kawaida hakuna haja yake. VLC, programu iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris na ambayo tangu mwaka 2001 iko wazi kwa kila mtu, ina kodeki karibu zote ndani yake. Ni ya bure kwenye simu na kwenye kompyuta. Kuna kompyuta za Windows zinazomwomba mwenyewe anunue kiongezo cha H.265 kwa karibu dola 1, na kuilipa kwa mtandao. VLC inafungua faili hiyohiyo bila malipo. Kabla ya kusema video imekufa, jaribio la kwanza ni hilo.

Mbele ya majaji

Wakaaji wa Ituri wanajua uzito wa video kuliko wengi. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2012, Mahakama ya kimataifa ya jinai huko La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu kuanzishwa. Ilimkuta Thomas Lubanga, aliyekuwa mkuu wa UPC, na hatia ya kuandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Kati ya vithibitisho vilivyokuwa na uzito ni video iliyorekodiwa tarehe 12 mwezi wa pili 2003 kwenye kambi la Rwampara, karibu na Bunia, ambapo Lubanga anaonekana akiwahutubia waliokuwa wakifundishwa vita. Miongoni mwao majaji waliona watoto ambao, kwa sura zao tu, walikuwa wazi chini ya umri huo.

Ni vema kukumbuka kilichotokea upande mwingine wa kesi hiyo. Majaji waliona kwamba hawawezi kutegemea maneno ya wengi kati ya mashahidi walioletwa kama watoto waliokuwa askari. Maneno yalipoyumba, picha zilibaki. Kama picha hizo zingekuwa zimefifia hadi nyuso zisitambulike, swali la umri lingebaki bila jibu.

Hapa nchini pia jambo hilo limeonekana. Mwezi wa tisa 2018, mahakama ya kijeshi katika Kivu Kusini iliwahukumu wakuu wawili wa kundi la silaha kwa jinai dhidi ya ubinadamu, na kati ya vithibitisho vilivyopokelewa mulikuwa picha zilizochukuliwa kwa programu ya simu eyeWitness to Atrocities. Programu hiyo inaandika saa na mahali picha ilipochukuliwa, na inawezesha kujua kama picha imeguswa baadaye. Kilichozipa picha hizo nguvu si uzuri wake. Ni kwamba mtu aliweza kuonyesha zimetoka wapi, na kwamba hazikubadilishwa njiani.

Video iliyopita kwenye makundi ishirini ya WhatsApp inaweza kuamsha hasira ya watu, lakini wakili wa upande wa pili atauliza: nani aliirekodi, lini, wapi, na nani aliikata? Kopi hafifu isiyo na maelezo haina jibu. Na tangu zamani video za nchi nyingine, ama za miaka iliyopita, zinasambazwa kama za jana na za hapa. Dawa ya kwanza ya uongo huo ni kuwa na faili ya asili ya kulinganisha.

Faili mbili, kazi mbili

Kutokana na hayo, kuna kanuni moja inayostahili kufundishwa kila mahali: video ya maana iwe na faili mbili, na kila moja ifanye kazi yake.

Faili ya kwanza ni ya asili, ile iliyotoka kwenye simu ama kamera. Haikatwi, haibanwi, haiwekewi maandishi wala muziki. Inanakiliwa kwa kebo, kwa kadi ama kwa Bluetooth, njia ambazo hazibadilishi kitu ndani yake. Ikilazimika kupita kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti, si kama video. Kwa njia hiyo inafika ilivyo, hadi giga 2. Iwekwe mahali pawili, kwa mfano kwenye flashi na kwenye kompyuta ya mtu wa kuaminika, kwa sababu flashi moja inapotea kwa urahisi, na simu inaibwa.

Faili ya pili ni ya kuwafikia watu. Hiyo inaweza kubanwa, kukatwa na kupunguzwa hadi 480p ili isile mega za mpokeaji. Fomati inayofaa kwa kazi hiyo leo ni MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC, maana ndiyo inayosomeka kwenye simu nyingi zaidi, mpya na za zamani. Programu za bure kama HandBrake zinaitengeneza kwenye kompyuta ya kawaida. Na pale ambapo lugha ni ileile na bahasha peke yake ndiyo inayokataliwa, fundi anayejua kazi yake anahamisha tu barua kwenye bahasha nyingine. Inachukua sekunde chache na ubora haupungui hata kidogo.

Wako watakaopinga kwa kusema H.265 ama AV1 zingeokoa mega zaidi. Ni kweli, na siku itakuja ambapo simu karibu zote zitazisoma. Lakini tangazo kuhusu ugonjwa ama kuhusu barabara iliyofungwa, likiwa jepesi na lisifunguke kwenye simu ya mama aliyeko Walikale ama Fizi, halijamsaidia kitu. Kwa habari ya watu wote, kusomeka kunatangulia wepesi.

Kuna jambo lingine ambalo halifai kupuuzwa. Faili ya asili inaweza kusema mengi kuliko mwenyewe alivyokusudia. Kama simu ilikuwa imeruhusiwa kuandika mahali, faili inaonyesha nyumba ama kilima ambako mtu alisimama akirekodi. Mbele ya jaji ni nguvu. Mikononi mwa mwenye silaha ni hatari ya kifo. Kwa hiyo faili ya asili haitumwi ovyo, haiwekwi kwenye kundi la watu mia mbili, haipewi asiyejulikana. Inayosambazwa ni ile ya pili, iliyoondolewa maelezo, na ikibidi nyuso na sauti zifichwe. Anayechanganya kazi za faili hizi mbili anaweza kupoteza vyote kwa pamoja: kithibitisho na usalama wa aliyekitoa.

Wajibu hauko kwa raia peke yake

Si haki kumwachia mkaaji wa kawaida mzigo huu wote. Anayerekodi kwa mikono inayotetemeka hana nafasi ya kufikiri juu ya kodeki. Wako wanaolipwa, ama waliojitwika kazi, ya kufikiri kwa niaba yake.

Redio, televisheni na magazeti ya mtandao yanapokea video kila siku kutoka kwa wakaaji. Kila chumba cha habari kingepaswa kuomba faili ya asili, kuihifadhi bila kuigusa, na kuandika ilipokelewa lini na kutoka kwa nani, kwenye daftari lisilofikiwa na kila mtu. Kupokea kopi ya WhatsApp, kuweka nembo juu yake na kusahau ilikotoka ni kufuta historia kwa nia njema.

Mashirika ya raia yanafundisha vijana namna ya kutoa taarifa. Mafunzo hayo yaongezewe saa moja ya vitendo: kutuma video kama dokumenti, kunakili kwa usalama, kutambua hatari ya maelezo ya mahali, kutofuta faili isiyofunguka. Hayahitaji kompyuta ghali. Simu ya kawaida inatosha.

Viongozi wa sheria, wa kiraia na wa kijeshi, wangepaswa kuwa na namna moja inayoeleweka ya kupokea video: ikaguliwe, ihesabiwe alama yake ya kitarakimu ambayo inabadilika hata kama sehemu ndogo kabisa ya faili imeguswa, na alama hiyo iandikwe kwenye hati mbele ya anayeileta. Ni kazi ya dakika chache. Bila hiyo, flashi iliyowekwa mezani mwaka huu itabishaniwa miaka kumi baadaye, na hakuna atakayeweza kuapa kwamba ni ileile.

Vyuo vinavyofundisha uandishi habari na ufundi wa kompyuta visibaki kufundisha majina ya fomati kama orodha ya kukariri. Mwanafunzi anayetoka na diploma bila kujua tofauti kati ya kuhamisha bahasha na kuandika upya barua atawaharibia wateja video zao kwa miaka, na wao watamlipa wakifikiri amewasaidia. Vivyo hivyo wapiga video za sherehe: familia inayolipa harusi ina haki ya kupewa faili zenye ubora wa kamera, pamoja na ile DVD, ambayo ikipata mikwaruzo haitasomeka tena.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma na Nyiragongo walikimbia usiku, na wengi walirekodi moto ukishuka. Video hizo zilizunguka dunia kwa siku chache. Leo nyingi ya zile zinazopatikana ni kopi za kopi, fupi, zenye nembo za watu wasiokuwapo, bila saa na bila mahali. Hata hivyo baadhi ya faili za asili bado ziko, kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka na kadi zilizosahauliwa ndani ya masanduku. Wataalamu wa volkeno wangezihitaji ili kujua moto ulipita wapi na saa ngapi. Familia zingezihitaji ili kuonyesha nyumba ilisimama wapi. Anayeikuta mojawapo na kuona haifunguki, asiifute. Aijaribu kwanza kwa VLC, ainakili mahali pawili, kisha amtafute fundi anayejua lugha yake.